Gari la Mbio Lililotupiganisha

Gereji, chumba cha nyuma
Jumapili mchana

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Kifua kimeachia, au bado kinakubana kila baridi ikizidi? Vaa nguo nzito, usijifanye kijana. Wifi naye hajambo? Na wale watoto wako, bado wanagombania dirisha? Waambie shangazi yao amewakumbuka sana.

Sisi tunapumua. Mama anakula vizuri, miguu tu ndiyo inamsumbua. Mimi nina nyuzi juu ya jicho, na mkono wa kushoto uko kwenye plasta. Ukiona mistari imepinda, ujue karatasi inanikimbia, sina mkono wa kuishikia.

Najua umekwisha kusikia kwamba nilitaka kumuua shemeji, mume wa Dada. Sasa sikia kwangu.

Lile gari la mbio ulilotuachia likiwa bodi tupu sasa linatembea, au niseme lilikuwa linatembea. Injini aliifunga shemeji, na yeye ndiye dereva. Mimi kazi yangu ilikuwa chini: springi, shokapu, na alaimenti, yaani kuyaweka magurudumu yatazame sawa. Magurudumu ya mbele niliyalaza kidogo, juu yaingie ndani, ili gari likiegemea kwenye kona tairi likanyage chini lote. Ungeliona, Kaka, lilivyokuwa linakata kona! Utadhani limeshikwa mkono.

Lakini shemeji alipitwa na gari moja jekundu, limeshushwa mpaka tumbo linakwaruza lami. Akaja gerejini amefura.

"Lishushe kama lile," akaniambia. "Na magurudumu yalaze zaidi."

"Shemeji, likishuka zaidi ya hapo springi zitagota. Ukikanyaga tuta la kona ya chini, litaruka na wewe."

"Wewe fungua nati. Usinifundishe kuendesha."

"Na wewe nani alikufundisha kushindwa?"

Unanijua mdomo wangu. Alinizaba kofi, masikio yakalia. Nikamtwanga spana ya goti. Akanishika nywele akanibamiza kwenye kona ya sanduku la vifaa, nyusi ikapasuka, damu ikanifumba jicho. Tukaangukia meza. Juu yake kulikuwa na springi niliyoikandamiza kwenye kibanio, nilikuwa bado naifanyia kazi. Kibanio kikateleza. Springi ikafyatuka kama risasi, ikanivunja mkono, ikaenda kutoboa ukuta. Nikasikia mfupa wangu ukilia. Hapo ndipo tulipoachiana, tukabaki tunahema, tunatazama lile tundu. Lingeweza kuwa kichwa cha mmoja wetu.

Jirani yetu mchomeleaji ndiye aliyenipeleka hospitali. Nilipokuwa nashonwa, shemeji alilishusha gari mwenyewe na kupima alaimenti mwenyewe. Kesho yake akaenda nalo mashindanoni.

Nilimfuata uwanjani na plasta yangu bado mbichi, nikamkataze. Nikachelewa. Nilishika waya wa uzio, nikaona gurudumu la mbele la kushoto linatetemeka kama jino bovu. Nikapiga kelele, nani anisikie? Kwenye kona ya chini alikanyaga breki, lile gurudumu likageuka peke yake, likatazama nje. Gari likavamia ukuta wa matairi, likanyanyuka, likabiringika, likatua kwa paa.

Sikumbuki niliurukaje ule uzio. Petroli ilikuwa inachuruzika. Shemeji alikuwa ananing'inia kichwa chini, mkanda umegoma, mfupa wa paja umetoka nje ya suruali. Nikaukata mkanda kwa kisu, nikamvuta kwa ukosi, mkono mmoja na meno. Alikuwa analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Aliponitambua, Kaka, alinikaba koo. "Umelegeza! Umelegeza gurudumu!" Watu wa zimamoto walimbandua vidole kimoja kimoja. Nyuma yetu gari likashika moto.

Neno lile likakimbia mjini. Ndugu zake wawili wakaja gerejini na mabomba ya chuma. Hawakusalimia. Walipasua vioo vya magari ya wateja, mchomeleaji alipojaribu kuwazuia wakampiga ya mbavu, akakunjika. Mkubwa wao akanibana ukutani, bomba kooni. "Sema ulichofanya!" Niseme nini, na pumzi sina?

Dada akaingia. Alikuwa anatoka hospitali kumpelekea mumewe chakula, sahani tupu bado ziko mkononi. Akazitupa chini zote.

"Mwacheni! Gurudumu hakuligusa yeye. Mume wangu ndiye aliyelifungua, na mimi nilikuwepo."

"Nyamaza, wewe ni mke wa mtu," akasema yule mkubwa.

"Nilimshikia kamba ya kupimia, mimi huku, yeye kule. Nikamwambia ile nati ya kubania fimbo ya usukani hujaikaza. Akaniambia nisimwingilie."

Yule bwana akamgeukia akampiga ngumi ya mdomo. Kaka, Dada yetu huyu anayeogopa hata mende! Aliyumba, akatema jino, akarudia maneno yale yale, taratibu, kama anamsomesha mtoto. Damu inamtoka anasema. Hapo mdogo wake yule bwana akalitupa bomba lake, akamrukia kaka yake. Waliondoka wakitwangana wenyewe mpaka barabarani.

Basi, ndivyo ilivyokuwa. Shemeji amewekewa vyuma mguuni. Dada alimtaka aseme ukweli mbele ya ndugu zake, akageukia ukutani. Polisi wametuandikisha maelezo sote. Gari limebaki majivu na vyuma, na mchomeleaji bado anakohoa kwa kushika ubavu.

Dada amerudi nyumbani, analala kwangu. Lakini kila siku anapika, anapeleka hospitali, anaweka chakula kitandani, anatoka bila neno. Nilikasirika, nikamuuliza kama ana akili timamu.

"Namlisha apone," akaniambia. "Akishasimama kwa miguu yake, nina maneno naye. Sigombani na mtu aliyelala."

Kwa hiyo nakuomba usipige simu kumtukana. Mwachie Dada.

Msalimie wifi, wabusu watoto, na umfikishie salamu binamu yetu Kipara kama bado mnaonana. Mama anasema amekuombea usiku na mchana. Mungu akufunike huko ugenini, na akulete siku moja utuone tukiwa na sura zetu.

Mimi mdogo wako, nikupendaye kwa mkono mmoja na moyo wote,

Fundi wa Chini