Madumu Mawili kwa Mkono Mmoja

Jumatano, Julai. Ukungu umelala juu ya mabati, na hadi saa nne asubuhi hapa Karatu hatujaona jua.

Leo mwanangu Elia, miaka minne, ameungua mkono kwa chai ya maziwa. Naandika nikiwa na hasira, tena mbili tofauti.

Nilikuwa naye mezani. Kikombe changu kimejaa, chini yake kitambaa alichofuma mama yangu, pembe zinaning'inia. Elia akavuta pembe.

Basi.

Nikamvua sweta haraka, maana nguo iliyoloa chai ya moto inaendelea kuunguza, nikambeba hadi uani. Mama, anayeishi nasi, akaja mbio na dawa ya meno. Jirani yetu, Mama Zawadi, akapitisha unga wa ngano juu ya uzio. Nilikataa vyote. Mwezi uliopita pale chekechea wazazi tulifundishwa: maji safi ya baridi, dakika ishirini. Si barafu, si mafuta, si unga.

Ila bomba limekauka wiki nzima, na hiyo ndiyo hasira ya kwanza. Maji tunanunua kwa mwenye punda.

Nikafungua dumu, nikaanza kummiminia kwa kikombe.

"Baba Elia, umerukwa na akili? Maji ya kununua unamwagilia nyasi?"

"Mama, mkono bado unaungua ndani."

"Na nimonia je, kwa baridi hii?"

Hapo alikuwa na hoja. "Basi lete blanketi umfunike mwili, mkono tuuache nje."

Alilileta huku akinung'unika. Mimi nafyatua tofali, nyumba hii nimeijenga kwa tofali zangu mwenyewe, na Mama hakuniacha: "Haya, daktari wa tofali!"

Elia alilia mpaka sauti ikamkauka. Mimi nikapiga hesabu. Madumu mawili, lita arobaini, dakika ishirini: lita mbili kila dakika. Nikaendelea kumimina nikihesabu.

Nilichoogopa ni vidole. Ngozi ikipona vibaya mkono hujikunja, na huyu ndiyo kwanza anajifunza kushika penseli.

Kule zahanati, muuguzi alifungua kanga safi tuliyomviringishia bila kukaza, akamkunjua kidole kimoja kimoja. Malengelenge machache, yasipasuliwe. Vidole vyote vinacheza. Atapona vizuri, alisema, turudi kesho kubadilisha bandeji.

"Nani aliwahi na maji?"

"Sisi," Mama akajibu.

Sisi!

Hasira ya pili ni hii. Njiani watu watatu waliniuliza mama wa mtoto alikuwa wapi. Mke wangu alikuwa kazini, anapika kwenye loji kule karibu na geti la hifadhi. Baba ndiye aliyekuwa mezani, karibu kabisa na mtoto. Hakuna aliyemuulizia.

Kitambaa nimekiweka kabatini. Kuanzia kesho chai ya moto inakaa katikati ya meza, na mtoto hapakatwi mpaka kikombe kiwe kitupu. Na dumu moja halitaguswa kwa kupikia wala kufulia.

Jioni hii namsikia Mama kwenye uzio, anamfokea Mama Zawadi: "Unga ni wa chapati! Mtoto akiungua ni maji tu, nusu saa nzima, hata akilia!"

Ni dakika ishirini. Mimi huwa siachi hesabu mbovu ipite.

Leo nimeiacha.