Ile Ndoo Uliyotukataza Kuigusa

Mama yangu uliyelala Karagwe,

Leo nimeikumbuka ndoo yako. Ile ya maji ya bwawani, uliyokuwa ukiiweka chini ya meza na kutuambia, "Atakayeigusa atakunywa tope peke yake." Tulikaa tukiichungulia mpaka maji yakatakata, ndipo ukatuchotea kikombe kimoja kimoja.

Sikuwahi kukwambia ulipokuwa hai kwamba hapa Kigali, kwao baba, miaka yote hii nimeishi kama mgeni. Huko watoto waliniita Mnyarwanda. Huku naitwa Mama Tanzania. Kwenye jumuiya, zamu yangu ya kuongoza rozari ikifika, nilisingizia koo nikampisha jirani, maana Kinyarwanda changu kinawachekesha, na Kiswahili nilikionea aibu.

Nafanya usafi kwa Mchina mmoja, Bi Mei, mwenye duka la vyombo mtaa wa Remera. Naye yuko peke yake. Kiswahili alikiokota Dar. Juzi maji yalikatika, yaliporudi yakaja mekundu. Nikahangaika na kitambaa, nachuja, namwaga, nachuja tena.

"Dada, acha. Kaa."

"Na vyombo je, Bi Mei?"

"Kaa."

Tukakaa, tope likaanza kushuka chini ya maji. Akaniambia kwao kuna mafundisho ya Tao, maana yake njia: kitu ukiacha kukilazimisha, hurudia hali yake. Kisha akanitazama. "Wewe kila siku unajikoroga. Mimi wa wapi, mimi wa wapi. Utatulia saa ngapi?"

Nilishika rozari mfukoni, mama, nikiogopa nisije nikafuata miungu mingine. Kumbe ni neno lako lile lile, la ndoo chini ya meza. Mungu hakuniumba wa huku na huko ili nije nijichuje.

Alhamisi zamu ikafika. Nikaanza, "Salamu Maria, umejaa neema," kwa Kiswahili ulichonifundishia. Jasho likanitiririka mgongoni. Halafu wakaitikia kwa Kinyarwanda, "Mariya Mutagatifu." Mara kumi, hivyo hivyo. Tulipotoka mmoja akanitania, "Mama Tanzania, kumbe koo limepona."

Nikamwambia limepona.

Nimerudi chumbani kwangu Kanombe, karibu na uwanja wa ndege, ndege zinapita juu ya bati, nikatafuta wa kumsimulia, hayupo. Upweke haujaondoka, mama. Ila safari hii sikuukoroga. Nimeuacha ukae, na juu yake nimekuchotea barua hii.

Pumzika.

Binti yako, wa huko na wa huku