Jirani Anauogopa Mguu Wangu

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti limekaaje tangu mvua zianze? Na kahawa, mmewahi kuanika au imenyeshewa? Mimi sijambo, homa ya wiki iliyopita imekwisha.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nahama Pasiansi na chumba ni kizuri, salio likaisha. Sababu ni jirani yangu, muuza samaki. Huku tunakaa mlimani kwenye mawe, njia ya kushukia ni moja, watu wawili hupishana ubavu kwa ubavu. Yeye anaamini akikutana na mwanamke kabla hajafika mwaloni kununua samaki, siku imeharibika. Akiniona anarudi ndani, anakaa, ndipo anapoanza safari upya. Akanishitaki kwa mwenye nyumba, nikaambiwa nisitoke mpaka yeye apite. Nami naanza kushona saa kumi na mbili, sare za shule zinanisubiri.

Nilimfuata. Akasema, "Fundi, sina ubaya na wewe. Ni mguu wako tu."

"Huo mguu umembeba nani kama si mimi?" nikamwuliza.

Nikachukua daftari langu la vipimo, nikaandika siku ishirini na nne, mke wake akinieleza tenga la samaki limerudi vipi. Siku kumi sikuweza kumsubiri apite, tukakutana. Nane kati ya hizo alimaliza samaki kabla ya saa sita. Siku kumi na nne hatukukutana. Alimaliza mapema mara tisa tu. Nikampelekea aone kwamba simpunguzii kitu.

Hapo ndipo nilipokosea, Mama. Alisoma mara mbili, akaniangalia kama mtu niliyemfichia mali yake. Tangu siku ile ananigongea saa kumi na moja alfajiri, nitoke tupishane. Hata nilipolala na homa alikuja: "Fundi, jikongoje mpaka mlangoni, nikuone tu." Pole hakunipa. Mke wake ndiye aliyemfukuza, akaniletea uji.

Nimepata chumba Kirumba, nahamia Jumamosi. Nilipomuaga hakuuliza naenda wapi. Aliuliza anayekuja kukaa chumbani kwangu ni mwanamke au mwanamume.

Msalimie shangazi, na mdogo wangu Evodia, mwalimu wetu. Gauni la bluu lililo kwenye kifurushi hiki ni lake. Na usimwombe katekista aniombee bahati huko niendako. Aniombee afya, mengine nitashona.

Mwanao,
Adventina