Farasi wa Babamkwe na Suruali ya Nzanzu

Mama Séphora wa redioni mpendwa,

Ninakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mito miwili, maana mapaja yangu bado hayajanisamehe, na naomba usicheke kabla hujamaliza kusoma, kwa sababu jambo langu ni zito na Jumamosi iko karibu.

Mimi ni Berthe, mke wa Nzanzu, muuza maharagwe hapa Kimemi. Nilizaliwa upande wa Musienene, kwenye shamba la ng'ombe ambako marehemu baba yangu alitunza farasi, nami nilijua kupanda farasi kabla sijajua kusoma, mpaka nilipoolewa nikaacha, maana Nzanzu alisema wazi kwamba farasi ni mambo ya wazungu, kisha vita ikaja, askari wakachukua farasi wote isipokuwa jike mmoja, Dimanche, ambaye siku ile alikuwa anachechemea, na babamkwe wangu, mzee Vagheni, akamchukua kwake Kyavinyonge, kwenye ziwa, akawa anampanda mwenyewe hadi magoti yalipomshinda.

Basi wiki iliyopita, kwa kuwa serikali mpya imeundwa na barrière za askari njiani zimepungua, nilishuka na kamioni ya samaki kumsalimia, peke yangu, sababu Nzanzu hakuweza kuacha maharagwe yake, na mzee akaniita uani, akaongea huku anatazama ukuta kama heshima inavyotaka.

"Mukamwana, hii farasi inaharibika kwa kukaa. Batu ya nyama bameshakuya kuiuliza. Kama hapana mutu wa kuipanda, nitabauzishia."

Mama Séphora, wewe ungefanya nini? Chini ya kitenge nilikuwa nimevaa suruali ya Nzanzu kwa ajili ya baridi ya kule juu ya kamioni, basi nikafunga kitenge kiunoni, nikapanda, nikapita kando ya maji asubuhi wakati wavuvi wanavuta mitumbwi mchangani, mwanzoni nimeshika manyoya ya shingo kwa mikono miwili namwita Bikira Maria, kisha mgongo ukakumbuka wenyewe, Dimanche akakimbia hadi maji yakaturukia usoni, akina mama wanaokausha samaki wakapiga vigelegele, nami nikawa nacheka peke yangu. Sijafurahi hivyo tangu vita ianze. Nilipogeuza farasi nikamwona babamkwe amekaa juu ya mtumbwi, ananitazama, na mimi miguu huku na huku. Nilishuka kwa aibu, nikaangukia nyavu za watu.

Habari ilifika Kimemi kabla yangu. Wifi yangu Orpa alikuja, akakataa chai, akasema mbele ya watoto wangu: "Mwanamuke wa mutu hapana kupanua miguu mbele ya baba mukwe." Anataka nitoe mbuzi kwa ukoo na nisikanyage tena ziwani. Lakini mzee ametuma neno kwamba Jumamosi hii nije nimpeleke Dimanche kando ya ziwa hadi kambi ya pili ya wavuvi, kwenye majani mazuri, na nisipokuja atampa mchinjaji siku ileile.

Nzanzu mwenyewe hafoki. Akiwa anakula anauliza maswali tu, eti mnyama huyo ana urefu gani, anauma, anabeba watu wangapi. Juzi nilimkuta uani amepanga magunia ya maharagwe na kukaa juu yake miguu huku na huku, nikamuuliza, akasema anapumzika. Neno moja tu amelisema kwa ukali: "Pantalon yangu, unirudishie mbele ya samedi." Nililia, maana kudai suruali kabla ya Jumamosi nimeelewa ni kunikataza kwenda. Je, nimwache Dimanche achinjwe ili nyumba yangu ipone?

Berthe wa Kimemi

Berthe, mwanangu,

Nimecheka kabla ya kumaliza, nisamehe. Nakujibu hewani leo Jumatano kwa sababu mchinjaji hangoji.

Kwanza nikugombeze. Orpa ana mdomo, lakini hajakosea kabisa. Kupanda farasi si kosa. Kosa lako ni kwenda mbele ya babamkwe bila mume wako katikati, na wewe umelelewa, unajua kwamba kati ya mkamwana na babamkwe maneno hupita kwa mume. Mzee naye alipaswa kugeuza uso. Alifurahi, akasahau, na baada ya miaka hii yote ya vita mimi sitamlaumu mtu aliyesahau kwa furaha.

Sasa soma tena barua yako, maana umeiandika bila kuielewa. Safari ni Jumamosi. Mume wako anataka suruali yake kabla ya Jumamosi. Anauliza farasi anabeba watu wangapi. Anakaa juu ya magunia ya maharagwe, mama, na wewe unakaa ndani unalia! Mtu aliyesema farasi ni mambo ya wazungu hawezi kukuomba nafasi kwa mdomo uleule. Anangoja umwalike.

Kwa hiyo leo akishakula mwambie hivi: "Papa, tushuke wote mbili. Peke yangu hapana kupita mbele ya baba." Hapo umempa heshima yake na umempa sababu.

Mzee hana magoti, basi atangulie kwa mtumbwi, uso mbele, macho kwenye maji. Nyuma yake Nzanzu atembee mchangani ameshika hatamu, na wewe juu, kitenge kipana kimefunika magoti. Mtumbwi ukishapotea mbele, mpandishe mume wako, polepole, bila kukimbia, na akimwita Bikira Maria wewe usicheke. Mbuzi acha. Toa kuku mmoja, apite kwa mkono wa Nzanzu, na Orpa mwenyewe ampike, maana aliyelalamika sana lazima ashibe pia. Dimanche hachinjwi.

Na wewe Nzanzu, kama unanisikia hapo dukani, usijifanye unapima maharagwe.

Berthe, kesho asubuhi nenda kwa fundi akushonee suruali yako mwenyewe, ya kitambaa kigumu. Ile ya mume wako ifue leo, ipige pasi, umrudishie. Ataihitaji.