Kubadhi la Baba kwenye Ardhi ya Mgodi

Baba yangu kipenzi,

Nakuandikia nikiwa ukumbini kwetu Mabela, mama yuko jikoni anazungumza kwenye simu kwa sauti ya kuamsha mtaa. Leo nimetia saini ripoti ya ule mgodi wa shaba. Wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe, na hupo.

Wakumbuka ulivyong'ang'ania kuja nami siku ya kwanza? Nilikwambia kazi yenyewe ni kuhesabu vichaka tu. Kampuni imefukia mashimo, imepanda miti ya asili ya pale pale, na ofisi yetu inapima kama ardhi imerudi hali yake. Ukaja juu: "Mwanangu aende jangwani peke yake, mie nikae nnatizama ukuta? Thubutu!" Dereva mstaafu, ukachukua funguo. Ukaja na birika la kahawa, halua, na kofia uliyokuwa ukiishona. Ukakaa kivulini mwa gari unashona kitobo kwa kitobo, na kila nikipita unanitania, "Bi mkubwa wa vichaka, umefikia vingapi?"

Nilikuwa na fremu ya mabomba manne. Naiweka chini, nahesabu kilichomo ndani: misamri, ile migunga ya miba, mikunazi michanga, vichaka vya majani ya chumvi. Sharti lake ni kuiweka bila kuchagua. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nachagua. Pakiwa patupu nasogea hatua mbili, naiweka penye majani. Niliona haya kuandika sifuri kila mara, na mkubwa wangu wa kazi alikwisha sema anataka ripoti ya kufurahisha.

Kumbe ulikuwa unaniona. Hukuniita mwongo. Uliuliza tu, bila kuinua macho kwenye sindano, "Pazuri umepahesabu, mwanangu. Pabaya atapahesabu nani?"

Nikanuna. Nikakwambia hii ni sayansi, si kofia. Ukavua kubadhi la mguu wa kushoto, ukageuka, ukalirusha nyuma ya bega. "Weka hapo lilipoanguka. Hilo halina upendeleo." Kisha ukalifuata kwa mguu mmoja, unaruka juu ya changarawe za moto na kupiga kelele, "Yalaa, mie naungua!" Nilicheka mpaka fremu ikaniponyoka. Tukaanza upya kurasa zote za asubuhi ile, nawe hukulalamika hata mara moja.

Jioni, njiani, bibi mmoja mwenye mbuzi alitusimamisha akauliza kwa Kiarabu mbuzi wake watarudi lini kula kule juu mgodini. Nilimjibu kwamba bado tunapima. Tulipofika barabara kubwa, ukasema, "Huyo ndiye unayemwandikia."

Ulipotutoka, mama aligawa nguo zako zote. Makubadhi niliyaficha, Baba. Nayavaa mwenyewe, yananipwaya.

Wiki iliyopita nilikwenda kupima mara ya mwisho, mara ya kwanza bila wewe. Nikavua la kushoto, nikalirusha. Likaanguka kwenye mchanga mtupu, hata jani kavu halipo. Mguu ukataka kusogea zile hatua mbili. Hapakuwa na mtu wa kuniona. Nikaweka fremu pale pale, nikaandika sifuri, na siku ile niliandika sifuri nyingi.

Mkubwa wangu ameniita leo. Ameuliza kwa upole kama siwezi kurudi nikapime upande wa bondeni, kulikostawi. Mkataba wangu unakwisha mwezi huu, na kalamu ya kuuongeza iko mkononi mwake. Nikamwambia nimepima pale lilipoangukia kubadhi, nikatia saini mbele yake. Kwa ripoti hiyo kampuni haiwezi kuondoka bado. Lazima ipande tena. Mimi sijui kama nitakuwepo kuhesabu.

Ahsante, Baba. Ahsante kwa kunirudisha nyuma bila kunivunja, na kwa kukaa jangwani miaka yote ile ukijifanya unashona tu. Mola akulaze pema.

Nina moja la kukuchekesha. Lile kubadhi wiki iliyopita liliangukia mbali, nami nikabaki na la kulia peke yake. Nikalifuata kwa mguu mmoja, naruka, changarawe zinawaka, nikajisikia napiga kelele, "Yalaa, mie naungua!" Nikageuka kukutazama kivulini mwa gari.

Mwanao,
bi mkubwa wa vichaka