Kipande Nilichokizika

Mama Leokadia,

Mimi mumeo nina miaka sabini na tisa. Nimezika kaka zangu wanne, nimeona mapadri watatu wakija na kuondoka hapa kijijini Mamba, na yule daktari aliyesema moyo wangu hautafika Krismasi, katangulia yeye. Mwandiko wangu unaujua, wa darasa la nne. Vumilia. Hili sikutaka mtu aniandikie.

Unakumbuka ile siku ya Mpanda. Walikukata kipande kwenye titi, kidogo kama punje ya mahindi, wakakitia kwenye kichupa cha dawa, wakasema kiende Mwanza kupimwa. Nikawaambia mwili wa mke wangu hausafirishwi vipande vipande. Nesi akabisha, nikabisha zaidi yake. Kwa ubishi hakuna aliyewahi kunishinda. Nikarudi nacho nyumbani. Nikakifukia nyuma ya jiko, nikasali, nikaweka jiwe. Wewe umesimama mlangoni na sufuria mkononi, unacheka.

"Baba Leokadia, mimi mzima hapa, sasa unazika nini?"

Na mimi nikacheka. Kilabuni nikajisifu kwamba hakuna mume anayemheshimu mkewe kama mimi. Nilijisifu hata baada ya kukuzika wewe mwenyewe, mpunga ukiwa bado shambani.

Sasa Leokadia naye ana uvimbe. Titi lile lile la kushoto. Daktari wa safari hii ni binti mdogo tu, akauliza majibu ya mama yake yalisemaje. Nikamweleza, kichwa juu. Akaweka kalamu chini.

Akanifundisha polepole. Kwamba chembe ya saratani nayo ina ngozi yake, na juu ya ngozi hiyo kuna vitu vinaitwa vipokezi. Ndivyo vinapokea amri ya kukua. Kwa wanawake wengine vinakuwa vingi kupita kiasi, basi uvimbe unakua mbio. Nikasema kama mzinga uliotobolewa kila upande, nyuki wanaingia tu. Akasema ndiyo, mzee, na ipo sindano ya kwenda kuyaziba hayo matundu. Ila haichomwi hivi hivi. Lazima kipande kipimwe kwanza, ionekane kama vipokezi vimejaa.

Nikamuuliza kama mke wangu angepona.

"Sijui, mzee. Na sasa hakuna wa kujua."

Nyati alinirusha juu nikiwa kijana, nikaanguka, nikasimama. Siku ile nilishindwa kunyanyuka kwenye benchi. Mpaka leo nikishika jembe naitazama hii mikono, siamini kama ndiyo ile ile.

Leokadia alikuwa kando yangu. Habari ya kipande chako hakuwahi kuijua mpaka siku hiyo. Walipomkata na yeye, kichupa akanikabidhi mwenyewe.

"Baba, changu usikizike."

Nilikipeleka Mwanza. Majibu yamekuja, vipokezi vimejaa. Ameshachomwa sindano mbili, daktari anasema tusubiri. Ananisalimia, lakini kula anakula chumbani kwake. Simlaumu.

Pumzika, mke wangu. Siku nikifika huko, nipokee hata kama umenuna. Asiyeamini kwamba safari hii nilikifikisha, amuulize wifi yako Skola. Tulikaa siti moja kutoka Mpanda mpaka Mwanza, akaomba mara tatu anishikie, sikumpa. Kile cha kwanza, shahidi ulikuwa wewe peke yako. Sasa nimesema mwenyewe.

Mumeo,
Baba Leokadia