Ndoto ya Mnara wa Sita

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi: upepo mkali kutoka mashariki, vumbi hadi ndani ya kahawa. Anga nyeupe, wingu hata moja hakuna.

Bi Ximena wa kampuni amekuja na ramani mpya. Minara minane ya umeme wa upepo kwenye ardhi yetu. Nimetafsiri tangu saa mbili hadi mchana – Kihispania kwenda lugha yetu, lugha yetu kwenda Kihispania – koo limekauka. Kazi hii nimeipata kwa sababu nilimaliza sekondari bwenini Uribia, na kwa sababu Mjomba Glicerio, mkubwa wa ukoo, hamwamini mkalimani wa mtu mwingine.

Mingine haina neno. Tatizo ni mnara wa sita. Umechorwa pembeni kabisa mwa makaburi. Mama yangu yupo pale.

Mjomba alisema makaburi ndiyo hati yetu ya ardhi, nyingine hatuna. Bi Ximena akajibu kwa upole kwamba umbali unakubalika kisheria, na kelele imepimwa. Anahitaji sababu ya kuandika. Kwa wenzetu wa upande wa bahari, alisema, walisogeza mnara mmoja kwa sababu bibi fulani aliota. Nikatafsiri. Mjomba akanitazama mimi, si yeye.

Mama Mkubwa Telvina akauliza huo umeme unakwenda wapi. Barranquilla, nikamwambia. Jiji linakua, kila nyumba mpya inataka kiyoyozi.

"Kumbe! Pangaboi kubwa vile, na sisi tuendelee kujipepea kwa kofia?"

Hata Bi Ximena alicheka, nilipomtafsiria.

Jumanne, 4 Machi

Upepo ule ule.

Kila alfajiri, kabla ya salamu, Mama Mkubwa huuliza: umeota nini? Sijaota. Naye hajaota. Tangu mapangaboi ya upande wa bahari yaanze kuzunguka mwezi wa Desemba, hapa kwetu hakuna anayeota. Yanavuma usiku kucha, kama lori linalokuja na halifiki. Mama Mkubwa anasema yanawapoteza wafu njiani. Zamani ndoto zilituamrisha: oga alfajiri, chinja mbuzi, leo usisafiri. Sasa tunaamka kama magogo.

Mjomba aliniita zizini. Alhamisi kwenye mkutano, akasema, utakuwa umeota. Nikamwambia ndoto haiagizwi kama gunia la mahindi.

"Basi utasema umeota. Mama yako hawezi kulala chini ya dubwana lile."

Mbona asiseme Mama Mkubwa?

"Dada yangu? Mkutano uliopita aliota kampuni inampa pikipiki. Tena na rangi yake! Kampuni haimwamini tena."

Nilicheka. Kisha nikaacha. Mtu anayezua ndoto, wafu huja kumuuliza. Hilo kila mtoto hapa analijua kabla hajajua kuhesabu.

Jumatano, 5 Machi

Sijaota. Nimeyajaribu maneno peke yangu, nikiwanywesha mbuzi. Wamenitazama vibaya.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesema.

Kwa lugha yetu kwanza, kwa sauti iliyokuwa kama ya mtu mwingine. Kwamba mama alikuja uso umejaa vumbi, akalalamika hasikii tunapomwita, na kwamba mnara ukisimama pale hatasikia tena kabisa. Kisha nikajitafsiri mwenyewe kwa Kihispania. Mara ya pili ilikuwa rahisi. Hilo ndilo lililonitisha.

Bi Ximena aliandika yote. Akaomba jina la marehemu. Nikamwambia jina la aliyekufa halitajwi. Aliona haya, akafuta, akaandika "mama wa mkalimani". Kisha akachukua kalamu nyekundu: mnara wa sita utasogezwa kaskazini. Saini Jumatatu.

Kaskazini! Kaskazini ni kwenye lambo la Arsenio, na Arsenio ni wa ukoo mwingine. Niliona pale pale. Mjomba naye aliona. Tukanyamaza wote wawili.

Mbuzi akachinjwa. Watu walinishika mabega kama bibi harusi. Mama Mkubwa hakula. Alinivuta nyuma ya jiko.

"Miguuni alivaa nini?"

"Alikuwa peku."

"Tulimzika na makubadhi yake ya vishada vyekundu. Nilivisuka mimi." Akachokonoa jino, taratibu. "Labda yamekatika. Njia ni ndefu."

Ijumaa, 7 Machi

Upepo, na joto juu yake.

Arsenio amekuja mwenyewe. Kwetu mwenye lalamiko hutuma msemaji, mtu wa kupoza maneno. Akija mwenyewe, ujue hataki yapoe. Gari moja, wanaume wanne nyuma. Hakushuka. Kahawa alikataa.

"Binti, nasikia mama yako siku hizi anaichorea kampuni ramani."

Akaegemeza kiwiko dirishani.

"Nilimfahamu vizuri. Mwaka ule wa ukame alinywesha mbuzi wake kwenye lambo langu, miezi mitatu, sikumdai hata asante. Leo ananipandia dubwana mlangoni? Nimemkosea nini?"

Mjomba akasema marehemu hapangiwi la kusema. Arsenio akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyekuwa akingoja neno hilohilo.

"Sawa, Glicerio. Basi Jumatatu naleta msemaji wangu, na mpwa wako arudie ndoto yake mbele yetu sote. Aapie kaburi. Akiapa, nitanyamaza, nitahamisha mbuzi wangu. Asipoapa, tutajua nani kaota. Na hapo hatutadaiana mbuzi tu."

Walipoondoka, vumbi la gari lilikaa hewani muda mrefu. Mjomba alisema: "Umeona? Amekubali." Kama vile tumeshinda!

Jumamosi, 8 Machi

Kimya! Upepo umekufa. Moshi wa jiko unapanda wima. Mapangaboi ya upande wa bahari yamesimama, mabawa hayatikisiki. Tangu Desemba sijasikia kimya namna hii – unamsikia mbuzi akitafuna.

Mchana nilijilaza kwenye bembea yangu ya kulalia. Si usingizi hasa. Akaja.

Alikuwa anasuka. Hakuinua macho. Sauti ilikuwa yake kabisa, ile ya kukwaruza, ya sigara:

"Noraima, nani kakutuma unisemee?"

Nikafungua mdomo. Akainua mkono – ngoja, sijamaliza – na hapo Mama Mkubwa akaangusha sufuria jikoni. Nikaamka.

Alikuja mlangoni, sufuria mkononi.

"Umeota."

"Sijaota."

Alhamisi nilisema ndoto ambayo haikuwapo. Leo nimeificha iliyokuwapo. Kichwa kizito tangu saa ile. Nimeoga mara mbili.

Jumapili, 9 Machi

Bado kimya, bado hakuna upepo. Joto la kuua. Nzi.

Mjomba amenikalisha tangu asubuhi. Sema vilevile, anasema. Usiongeze, usipunguze, Arsenio ana masikio. Mara ya tatu nikashindwa, nikamuuliza: na kama yeye hataki?

"Nani?"

"Mama."

Alivua kofia, akaivaa tena. Nilidhani atafoka. Akasema mama alipougua ni yeye aliyembeba mgongoni hadi hospitali, na maiti yake ni yeye aliyeibeba hadi kaburini, na alipomlaza aliapa hapo hapo kwamba hakuna atakayemsumbua tena. "Mimi namtafutia dada yangu usingizi, Noraima. Basi. Hayo mengine ya kwako yaache."

Nikikiri, mnara unarudi kaburini, na neno la ukoo wetu halitaaminiwa tena na mtu, si Arsenio, si kampuni. Nikiapa, Arsenio atahama lambo la babu yake kwa maneno niliyoyatunga nikinywesha mbuzi. Nimegeuza hivi na vile siku nzima. Hakuna upande laini.

Jioni Mama Mkubwa amehamisha bembea yake, ameitundika karibu na yangu. Sikumuuliza. Alisema tu, akipanda:

"Ukiota, niamshe. Hutaki kuniambia mimi, uambie moto. Lakini usiimeze, mwanangu. Ndoto ikimezwa inaoza na mtu."

"Na kama sitaki kulala?"

"Basi kaa. Yeye ana subira kuliko wewe."

Sasa anakoroma. Bi Ximena anafika saa tatu asubuhi, na msemaji wa Arsenio pamoja naye. Sijui nitasema nini. Nimekaa na taa nikimkwepa mama yangu mwenyewe, kama mdeni! Mara tatu macho yamejifumba, mara tatu nimejifinya. Na jana alisema hajamaliza. Watu wote nawaacha wamalize ndipo nitafsiri – Bi Ximena, Mjomba, hata Arsenio garini. Yeye tu nimemkatiza katikati.

Mapangaboi hayajaanza. Hakuna sauti upande wa bahari.

Saa nane na nusu usiku. Nazima taa. Nalala, amalizie.